Azalea Shume: Usiitunze Kama Kabichi

Mwenye bustani Shume ana kitu ambacho mwenzake wa Tanga mjini hawezi kukinunua kwa fedha yoyote: baridi. Uwanda huu ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, wenye ukungu wa asubuhi na usiku wa Julai unaodai blanketi mbili, unaifaa azalea na jamii yake yote ya rododendroni kuliko sehemu kubwa ya Tanzania. Maua haya hayapatani na joto la pwani. Asili yake kubwa ni milima ya Asia, kuanzia Himalaya na kusini mwa China hadi Borneo na New Guinea. Dunia ina spishi zake zipatazo 1,000, na hakuna hata moja ambayo kwao ni Afrika. Huku kwetu ina binamu tu: miti ya erika inayoota Kilimanjaro juu ya msitu wa mvua ni ya familia hiyo hiyo.

Kwa hiyo hali ya hewa tunayo. Udongo nao tunao, au tunaweza kuutengeneza kwa vitu vilivyo hatua chache kutoka nyumbani. Tatizo liko kwenye mazoea. Mkulima wa Shume ni hodari wa kabichi, viazi mviringo na karoti, na mkono wake umezoea samadi, majivu, chokaa na jembe. Kabichi inavishukuru vyote vinne. Azalea inakufa navyo. Ukishika hilo moja, mengi katika mwongozo huu utayaelewa kabla hujayasoma.

Kuchagua mche

Usidhani rododendroni ni mmea mmoja. Kwa bustani ya nyumbani, kuna makundi matatu ya kufikiria.

La kwanza ni azalea za majani madogo zisizopukutika, ambazo wazazi wake walitoka China na Japani. Kichaka chake hufika kiunoni au kifuani, hukubali kukaa kwenye chungu, hustahimili kupogolewa, na msimu ukifika maua meupe, ya waridi, mekundu au ya zambarau hufunika majani yasionekane. Hizi ndizo ninazokushauri uanze nazo.

La pili ni rododendroni kubwa za majani mapana, nyingine zikiwa miti kabisa. Nyingi zimezoea majira marefu ya baridi ambayo Shume haina. Hata hivyo usizikatie tamaa zote. Kwenye milima ya Nilgiri kusini mwa India, katika nchi ya mashamba ya chai iliyo nyuzi 11 tu kaskazini mwa ikweta, inaota kwa asili rododendroni ya maua mekundu, tawi la spishi inayoitwa Rhododendron arboreum. Milima ile inafanana na yetu kuliko Uingereza inavyofanana nasi, na anayetaka mti mkubwa wa rododendroni atafute huo kabla ya kuhangaika na aina za Ulaya.

La tatu ni vireya. Hizi ni rododendroni za milima ya tropiki ya Asia ya Kusini-Mashariki, na nyingi huota juu ya matawi ya miti mikubwa msituni badala ya ardhini. Hazihitaji majira ya baridi ili zichanue, kwa kuwa kwao ni karibu na ikweta kama kwetu. Kwa maoni yangu ndizo zinazostahili Shume kuliko zote. Kasoro yake ni kwamba ni adimu, na asiyezoea huziozesha kwa maji, maana mizizi yake inataka hewa nyingi. Ukibahatika kuipata, ipande kwenye chungu chenye vipande vya magome na kokoto, na udongo kidogo sana.

Miche ulizia kwenye vitalu vya maua vya Arusha, Moshi au Nairobi. Ukifika kitaluni, macho yako yasiende kwenye maua. Chagua mche mfupi wenye matawi mengi yaliyoanzia chini, majani ya kijani kilichokolea, na vichomozo bado vimefumba. Kisha mwombe muuzaji autoe mche kwenye mfuko uone mizizi. Mizizi ya azalea ni laini kama nywele, na ikiwa hai ina rangi ya kahawia nyepesi yenye ncha nyeupe. Ukikuta bonge jeusi linalonuka uvundo, rudisha mfukoni, toa shukrani zako, ondoka.

Ukinunua nje ya mpaka, hata kama ni Nairobi tu, fuata taratibu. Kuingiza mmea hai nchini kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) na cheti cha afya ya mmea kutoka ulikotoka. Wengi huona huo ni usumbufu. Lakini rododendroni ni miongoni mwa mimea iliyosafirisha ugonjwa wa Phytophthora ramorum kati ya vitalu vya Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1990. Ugonjwa huo ulitoka vitaluni ukaingia misituni, ukaua mialoni mingi California, na baadaye ukashambulia mashamba ya miti Uingereza. Sisi tunaoishi kando ya msitu wa Magamba hatuna haki ya kucheza mchezo huo kwa ajili ya mche mmoja uliofichwa kwenye begi.

Mahali pa kupanda

Shume iko upande wa magharibi wa Usambara, ambako milima inakatika ghafla na kuporomoka kuelekea tambarare za Mkomazi. Upepo unaopanda kutoka kule ni mkavu. Azalea iliyowekwa wazi mbele yake hukauka ncha za majani hata kama udongo una unyevu. Itafutie kinga: ua wa miti, kona ya uzio, au nyuma ya safu ya miplamu na mipea uliyokwisha kuipanda. Kivuli kinachotakiwa ni chepesi, jua lichungulie kupitia matawi. Kivuli kizito huzaa majani bila maua, na jua kali la mchana kutwa huunguza.

Kwenye mteremko, panda katikati. Juu kuna upepo, na chini bondeni hewa ya baridi hutuama usiku na maji husimama wakati wa masika. Hakuna kinachoua azalea haraka kuliko maji yaliyotuama kwenye mizizi.

Usipande chini ya mkalitusi. Unakunywa maji yote, na takataka zake hazisaidii mimea midogo. Mgrevilea ni afadhali, ila kaa mbali na shina lake, maana mizizi yake nayo inatafuta maji hayo hayo.

Na usipande ubavuni mwa nyumba iliyopigwa lipu au kupakwa chokaa. Hapo ndipo watu wengi wanapopenda kuweka maua ya urembo, chini ya dirisha, na hapo ndipo azalea huanza kugeuka njano. Kila mvua inayopiga ukuta inashuka na chokaa kidogo. Kama nyumba ni mpya, ardhi inayoizunguka imejaa mabaki ya saruji yaliyomwagwa na mafundi. Sogea mita mbili au zaidi, au tumia chungu kikubwa.

Udongo mchachu

Azalea inataka udongo mchachu, wenye pH kati ya 4.5 na 6, na inastawi zaidi karibu na 5. Udongo ukipoteza uchachu, madini ya chuma hujifunga, mizizi ishindwe kuyachukua. Jani linakuwa njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiona ramani hiyo ya mishipa kwenye majani machanga, usikimbilie mbolea. Tafuta chokaa inatoka wapi.

Milima ya Usambara ina bahati hapa. Chai hupenda udongo wa namna hiyo hiyo, na imelimwa Usambara kwa miaka mingi, Mponde ikiwa mfano wa karibu. Panapoota makangaga mengi bila kupandwa, udongo aghalabu ni mchachu. Hidranjia pia ni kipimo kizuri kisicho na gharama: kwenye udongo mchachu maua yake, kama si ya aina nyeupe, huwa ya bluu, na kwenye udongo wenye chokaa huwa ya waridi. Kama ya jirani yako ni ya bluu na mashamba yenu yana historia moja, una sababu nzuri ya kuwa na matumaini. Anayetaka uhakika wa maabara, kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, wilayani Muheza, ndicho chenye kazi ya utafiti wa udongo nchini.

Tahadhari iko kwenye neno historia. Shamba lililolimwa mboga miaka mingi kwa majivu na chokaa halina tena udongo wa asili wa mlima. Kona iliyokuwa jalala la jikoni ndiyo mbaya kuliko zote.

Dawa ya hayo yote inaanguka bure kutoka juu ya miti. Zama za Wajerumani kampuni ya Wilkins & Wiese ilijenga kiwanda cha mbao Neu-Hornow, hapa hapa Shume, na kushusha mbao za miangati kwa njia ya waya wa angani hadi Mkumbara, kwenye reli. Baadaye serikali ilipanda mashamba ya misonobari na misaiprasi, na leo Shamba la Miti Shume liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Majani makavu ya msonobari yaliyolala chini ya miti ile ndiyo matandazo ambayo wapenzi wa azalea wa nchi nyingine huyanunua. Omba ruhusa ofisini, ujaze magunia yako kutoka tabaka la juu. Yaliyooza nusu, meusi na yenye kubomoka mkononi, changanya na udongo. Yaliyo makavu na mekundu weka pembeni kwa kutandaza. Udongo wenyewe usiuchote msituni: hairuhusiwi kwenye hifadhi, wala hauhitajiki.

Magome ya msonobari kutoka viwanda vya mbao, yakivunjwavunjwa vipande vya ukubwa wa kucha, ni bora zaidi, kwa sababu hayashikamani na hupitisha maji. Unga wa mbao pia unafaa, lakini uwe umekaa mvuani mwaka mzima au zaidi. Ukiwa mbichi, vijidudu vinavyouozesha hunyang'anya mmea naitrojeni.

Namna ya kupanda

Panda mwanzoni mwa masika, mwezi Machi, au vuli inaposhika, ili mvua ikusaidie. Chimba shimo pana lakini fupi: upana wa sentimita 80 hadi mita moja, kina kisichozidi sentimita 30. Mizizi ya azalea haiendi chini, inatambaa. Changanya nusu udongo uliotoka shimoni na nusu mchanganyiko wa majani yaliyooza na magome. Kama udongo wako ni mfinyanzi mzito, usichimbe kabisa. Weka mchanganyiko juu ya ardhi kama tuta la sentimita 25 hivi na upande humo.

Kabla mche haujaingia shimoni, kuna kazi ya dakika chache ambayo wengi huiruka. Chimbua azalea iliyokufa baada ya mwaka mmoja ardhini, uitazame. Mara nyingi bonge la mizizi litatoka na umbo lile lile la mfuko wa kitaluni, mizizi imezunguka na kuzunguka, na hakuna hata mmoja uliovuka kuingia udongo wa bustani. Katikati ni pakavu, ingawa udongo wa nje ulikuwa unamwagiliwa kila siku. Mmea ulikufa kwa kiu katikati ya maji. Kwa hiyo lizamishe bonge kwenye ndoo ya maji hadi mapovu yakome, kisha lichane kwa vidole pande zote na chini, mizizi ya nje iachane na kutawanyika. Ikikaza, kata mistari mitatu minne kwa kisu. Mizizi kiasi itakatika, na mmea utavumilia.

Weka mche ili sehemu ya juu ya bonge iwe juu kidogo ya usawa wa ardhi, kidole kimoja au viwili. Ukiuzamisha, shina litaoza. Rudishia udongo bila kuukanyaga kwa kisigino, mwagia maji taratibu, kisha tandaza majani makavu ya msonobari unene wa sentimita 8 hadi 10, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Toka siku hiyo jembe lisifike hapo tena. Magugu yang'oe kwa mkono. Jembe linalopita sentimita tano tu chini ya uso wa ardhi linakata mizizi yote inayolisha mmea.

Chakula na maji

Azalea haina ulafi. Mwaka wa kwanza isipewe mbolea yoyote, matandazo yanatosha. Baadaye, kama majani yamepauka kwa ujumla na matawi hayarefuki, tumia SA, ile salfeti ya amonia inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo, kwa sababu inalisha na papo hapo inaongeza uchachu. Kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 10, umwagie wakati udongo una unyevu, mara moja masika na mara moja vuli. Usitumie CAN wala mbolea ya Minjingu. Ni mbolea nzuri shambani, ila zote zina kalsiamu, na hiyo ndiyo tunayoikimbia. Samadi mbichi ni kali mno kwa mizizi hii, na majivu ya jikoni yasikaribie hata kidogo. Waeleze wote nyumbani, hasa anayetoa majivu alfajiri na kutafuta mahali pa kuyamwaga.

Kama udongo umeshapoteza uchachu, ile salfa ya unga wanayopulizia mikorosho inaweza kuurudisha. Konzi moja kwa mita moja ya mraba, isambazwe chini ya matandazo, kisha usubiri. Bakteria wa udongo ndio wanaoigeuza kuwa tindikali, na kwa baridi yetu kazi hiyo huchukua miezi. Usiongeze nyingine kabla ya msimu kupita.

Maji ndiyo mtihani wa kila siku. Vipindi vya hatari kwetu ni viwili: Januari na Februari, jua linapowaka, na Agosti na Septemba, ukungu unapomdanganya mtu kwamba ardhi imelowa. Funua matandazo uingize kidole. Pakavu hadi kifundo cha pili, mwagilia hadi maji yafike chini, kisha acha siku kadhaa. Maji ya mvua uliyokinga ni bora kuliko yote. Ukiona majani yamelegea huku udongo umelowa, usiongeze maji: huo ni uozo wa mizizi, na mmea wa namna hiyo aghalabu hauponi. Uchimbue, uuchome, na usipande azalea nyingine shimo hilo.

Kupogoa na kuzidisha

Azalea za majani madogo hutengeneza vichomozo vya maua kwenye matawi ya msimu uliopita, kisha hungoja majuma kadhaa ya baridi ndipo zifunguke. Baridi yetu ya Juni hadi Agosti inafanya kazi hiyo, kwa hiyo tegemea maua mengi baada yake, ingawa karibu na ikweta usishangae kichaka kikachanua kidogo miezi mingine. Maana yake kwa mwenye mkasi ni hii: pogoa mara tu maua yanaponyauka. Anayepogoa Mei anakata maua ya mwaka ule. Chuma pia maua makavu kwa vidole ili mmea usipoteze nguvu kwa mbegu.

Kuongeza miche, njia rahisi ni kulaza tawi. Chagua tawi la chini linalopindika, likwangue gome kidogo upande wa chini, lizike chini ya udongo wenye majani yaliyooza, weka jiwe juu, ncha ibaki nje. Linyweshe wakati wa kiangazi. Baada ya mwaka hivi litakuwa na mizizi, ulikate kutoka kwa mama. Vipandikizi pia huota: vipande vya sentimita 8 hivi kutoka matawi yaliyoanza kukomaa, kwenye mchanga uliochanganywa na magome yaliyooza, chini ya mfuko wa nailoni kivulini, kwa miezi miwili au mitatu.

Mifugo na msitu

Majani, maua na hata asali ya jamii hii vina sumu. Kwenye pwani ya Bahari Nyeusi nchini Uturuki asali ya rododendroni imejulikana tangu kale kwa kulevya watu na kuwafanya waugue. Kichaka kimoja bustanini hakitaharibu mzinga, kwa kuwa nyuki huchanganya maua mengi. Hatari ya kweli iko zizini. Huku tunafuga ng'ombe wa maziwa ndani ya banda na kuwakatia majani, na mbuzi hula chochote kilicho karibu. Majani kidogo tu ya azalea yanaweza kumwangusha mbuzi, akatoka mapovu na kutapika. Ulichopogoa usikiweke kwenye hori wala kwenye rundo la majani ya ng'ombe. Kifukie au kichome, na aliyeajiriwa kukata majani aonyeshwe mmea wenyewe kwa kidole.

La mwisho linahusu aina moja. Rhododendron ponticum, yenye maua ya zambarau, ilipelekwa Uingereza na Ireland kupamba bustani za matajiri. Leo imevamia misitu yao, inaziba mwanga, na wanatumia fedha nyingi kuing'oa. Sisi tuna somo letu wenyewe: mti wa Maesopsis uliopandwa Amani enzi za bustani ya mimea ya Wajerumani, iliyoanzishwa 1902, ulienea kwa msaada wa hondohondo hadi ukaingia ndani ya msitu wa asili. Azalea za bustanini hazina tabia hiyo, lakini mbegu za rododendroni ni ndogo mno na hupeperuka. Kwa hiyo ponticum usiilete Shume kwa hali yoyote, hata ukipewa bure. Na mche wowote wa jamii hii utakaoukuta umejiotea nje ya uzio wako, ung'oe siku hiyo hiyo.